Maswali ya Mezani: 20 kavu, umakini wa mchawi, na vitabu viwili kwenye meza moja

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi na nimezisoma zote. Kabla sijajibu hata moja naomba niseme kitu nilichokiona karibu kila barua: watu wanagombana kuhusu sheria za mchezo wa D&D na kumbe kila mmoja ameshika kitabu chake. Kuna toleo la tano la mwaka 2014, afu kuna hilo hilo toleo la tano lililofanyiwa marekebisho mwaka 2024, majina ya vitu ni yale yale, speli (yani uchawi wa wahusika) ni zile zile, lakini ndani kuna vitu vimebadilishwa na hapo ndo kelele zinapoanzia. Kwa hiyo kwenye majibu ya leo, sheria ikiwa moja kwenye vitabu vyote viwili nitaitaja tu, zikitofautiana nitasema mwaka.

Kwa msomaji anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, karibu sana. D&D (Dungeons and Dragons) ni mchezo wa kuigiza wa mezani ulioanzishwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974. Mtu mmoja anakuwa msimamizi, tunamwita DM, yeye anasimulia dunia na kuwaendesha mazimwi na wenyeji wote, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa na mashaka unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha na uwezo wa mhusika, ukifikia namba aliyoipanga DM umefanikiwa. Hiyo namba ya kufikia inaitwa DC. Na kama hamna hela ya vitabu msikate tamaa, wenye mchezo wametoa sheria za msingi bure kwa leseni ya Creative Commons, zile za 2014 walizitoa hivyo Januari 2023 na za 2024 wakazitoa mwaka 2025. Zinaitwa SRD, 5.1 ni za zamani na 5.2 ni mpya, unapakua kwenye simu, halali kabisa.

Haya twende.

Kaka habari za majukumu. Mimi ni DM mpya hapa Mbeya, tuna kampeni, yani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, ya wachezaji watano. Juzi Bard wetu (mhusika mwimbaji) alimwambia mfalme ampe ufalme, yani amkabidhi kiti pale pale mbele ya wazee, nikamwambia arushe dadu ya Persuasion (ushawishi) akapiga 20, meza nzima ikaruka juu mpaka majirani wakachungulia, mimi nikasema hapana mfalme amekataa. Sasa wamenuna wananiambia nimevunja sheria kwamba 20 ni 20. Nani mkweli?

Wewe ndo mkweli kwenye sheria mdogo wangu, ila dadu hiyo haikutakiwa kurushwa kabisa.

Sheria ya 20 kavu, yani ile 20 unayoiona kwenye dadu kabla hujajumlisha chochote, ina kazi kwenye shambulizi: ukipiga 20 kavu umempata adui hata kama AC yake (namba ya kufikia ili umpige) ni ya kutisha, na pigo linakuwa kritiko, yani lenye madhara zaidi. Ina kazi pia ukiwa kwenye HP (nguvu za uhai) sifuri unapigania roho yako, hiyo nitaieleza chini huko. Kwenye Persuasion, kupanda ukuta, kufungua kufuli na mambo yote ya namna hiyo, 20 ni namba tu kama zingine, unajumlisha unaangalia DC. Bard mwenye +5 akipiga 20 amepata 25, kama DC ilikuwa 30 hajafika. Na upande wa pili ni hivyo hivyo, 1 kavu kwenye kufungua kufuli sio lazima ufunguo ukatike ndani, mwizi mzoefu mwenye +9 anapata 10 na kufuli rahisi linafunguka. Vitabu vyote viwili vinakubaliana hapa.

Najua meza nyingi zinacheza kwamba 20 inafanikisha kila kitu, mnaruhusiwa mkikubaliana, ila pigeni hesabu kwanza. Dadu moja ina nafasi ya asilimia 5 kutoa 20, wachezaji wako ni watano, kila mmoja akijaribu bahati yake kwa mfalme huyo huyo basi nafasi kwamba angalau mmoja atatoa 20 ni karibu asilimia 23. Yani karibu mara moja kati ya nne mfalme anatoa ufalme kwa watu waliokuja kuuliza njia ya kwenda mapangoni. Hakuna dunia inayosimama hivyo, na wachezaji wenyewe baada ya muda wataona kwamba chochote wanachokipata hakina uzito.

Sasa hapo kwenye kurusha. DM akisema "rusha" anakuwa ametoa ahadi kwamba jambo linawezekana, mchezaji ameshika dadu kwa moyo wake wote, amepata namba kubwa kuliko zote duniani afu unamwambia hapana, lazima anune. Kitabu cha 2024 kimeliweka hili vizuri sana kwenye akshoni (kitendo kikuu cha zamu yako) inayoitwa Influence: kama yule unayemwomba yuko tayari anakubali bila dadu, kama ombi linapingana na matakwa yake kabisa anakataa bila dadu, dadu inarushwa pale tu anaposita, na DC inakuwa 15 au Intelligence (akili) ya huyo kiumbe, ile iliyo kubwa. Hata mkicheza 2014 chukueni utaratibu huo, hauvunji kitu. Mfalme kutoa ufalme ni hapana ya moja kwa moja. Mwambie Bard "mfalme hawezi kukupa kiti, ila unaonaje ukimwomba kitu kingine?", akiomba barua ya kupita mipakani au nafasi ya kula naye chakula cha jioni, hapo sasa mwache arushe, na akipata 20 mpe kwa mkono mkunjufu.

Kwa kikao kijacho mimi ningeanza na mjumbe wa mfalme anagonga mlango, anasema mfalme amependa ujasiri wa yule kijana anataka kumpa kazi. Wataacha kununa.

Sasa bro, niko Nakuru. Wizard wetu (mchawi) alikuwa ameshikilia Hold Person, speli ya kumgandisha mtu, kwa captain wa majambazi, akapigwa mishale mitatu na watu watatu tofauti kwa raundi moja (yani kila mtu akicheza zamu moja). Nilimwambia arushe mara moja tu juu ilikuwa raundi moja, lakini mchezaji mwingine akasema ni mara tatu. Pia, akipigwa akiwa anatembea si umakini unapotea automatic?

Poa sana ndugu. Ni mara tatu, kila mshale na sevu yake (dadu ya kujiokoa).

Umakini, yani kuishikilia speli iendelee kufanya kazi, uko hivi: ukipata madhara unarusha sevu ya Constitution (ustahimilivu wa mwili), DC ni 10 au nusu ya madhara uliyopata, ile kubwa. Mshale wa madhara 9 nusu yake 4 kwa hiyo DC ni 10. Jitu likimpiga rungu la 26, nusu ni 13, DC ni 13. Kitabu cha 2024 kimeweka na kikomo, DC haizidi 30, kile cha 2014 hakina kikomo. Msijumlishe mishale mitatu mkapata DC moja kubwa, na msirushe mara moja kwa raundi nzima, kila chanzo cha madhara kinasimama peke yake.

Tofauti yake sio ndogo. Wizard mwenye +2 kwenye sevu ya Constitution anahitaji 8 kwenda juu kupata DC 10, hiyo ni asilimia 65. Kwa mshale mmoja yuko vizuri. Kwa mishale mitatu anatakiwa apite yote mitatu na hapo anabaki na asilimia 27 tu. Ndo maana majambazi wenye akili wanamlenga mchawi kwa mishale mingi midogo, na ndo maana wachezaji wenye akili wanamweka mchawi nyuma ya nguzo. Ukirusha mara moja tu unakuwa umemnyima adui mbinu yake halali, na siku wachezaji wako wakimkuta mchawi adui na wao wakataka kumvunja kwa mishale utawanyima na wao pia.

Kuhusu kutembea, hapana, kutembea hakuvunji, kupigana kwa upanga hakuvunji, kuongea hakuvunji. Kinachovunja ni kushindwa sevu, kuanza speli nyingine ya umakini (ile ya kwanza inakatika hapo hapo, hauna nafasi ya kushika mbili hata ukiwa levo 20), kupoteza fahamu au hali nyingine inayokunyima uwezo wa kufanya chochote, na kufa. Mwenyewe pia anaweza kuiacha muda wowote bila gharama yoyote.

Na jambo moja wengi hawalijui: ukiandaa speli usubiri tukio, mfano "nitapiga Fireball (mpira wa moto) wakitokea mlangoni", wakati unasubiri unatumia umakini. Sloti (nafasi yako ya kutolea speli) imeshatumika tayari, ukipigwa ukashindwa sevu speli imepotea, na ukiwa ulikuwa na Hold Person umeiachia ulipoandaa.

Mombasa hapa. Tumegombana vibaya na ninaandika nikiwa na hasira kidogo. Tulivamiwa na goblini (vijitu wakorofi) usiku kwenye njia ya msituni, DM akasema tumeshtukizwa, mimi nikasema basi nina disadvanteji kwenye inishieti (dadu ya kupanga nani anaanza) lakini zamu yangu ninayo, mwenzangu akasema hapana ukishtukizwa hufanyi kitu raundi ya kwanza, DM akasema goblini wana raundi ya bure kisha ndio mpangilio unarushwa. Watatu, majibu matatu. Mechi ikaishia hapo hapo na hatujacheza wiki ya tatu sasa.

Pole sana, na hasira yako naielewa, kampeni kuvunjika kwa jambo kama hili inauma. Wewe na mwenzako wote mko sahihi. DM ndo yuko nje, ila kosa lake ni dogo na linarekebishika.

Wewe umesoma 2024. Humo aliyeshtukizwa anarusha inishieti kwa disadvanteji, yani dadu mbili anachukua ndogo, akishamaliza hapo anacheza zamu yake kama wengine. Mwenzako amesoma 2014. Huko aliyeshtukizwa yupo kwenye mpangilio lakini zamu yake ya kwanza hawezi kusogea wala kufanya akshoni, na riakshoni (kitendo cha kujibu tukio nje ya zamu yako) hana mpaka hiyo zamu yake iishe. Na sio kundi zima kwa mpigo, DM analinganisha kujificha kwa goblini na Perception tulivu (uwezo wa kugundua bila kurusha dadu) ya kila mchezaji, hiyo ni 10 kujumlisha uwezo wake, kwa hiyo Ranger anaweza akawa amewasikia na Paladini wenu akawa hajui lolote. Raundi ya bure kabla ya mpangilio haipo kwenye kitabu chochote kati ya hivi viwili, kwenye vyote inishieti inarushwa kwanza, kila mtu, hata aliyeshtukizwa. DM wako huenda alijifunza kwa mtu aliyecheza matoleo ya nyuma, ni kawaida sana.

Sasa hapa ndo nataka kukaa kidogo kwa sababu tatizo lenu sio goblini. Mkimaliza hili mtagombana kwenye dawa: kwa 2014 kunywa dawa ya kuponya ni akshoni nzima, kwa 2024 ni bonasi akshoni, maana yake mpiganaji anakunywa na bado anapiga upanga. Mkimaliza dawa mtagombana kwenye speli mbili kwa zamu moja, ya 2014 inasema ukitoa speli kwa bonasi akshoni basi nyingine pekee unayoweza kutoa zamu hiyo ni kantripu (speli ndogo isiyotumia sloti) ya akshoni moja, ya 2024 inasema tu kwamba huwezi kutumia sloti mbili ndani ya zamu moja. Mtafika kwenye uchovu, wa zamani una orodha ya mabaya tofauti kwa kila hatua, mpya unakata 2 kwenye kila dadu ya ishirini kwa kila hatua na futi 5 kwenye mwendo, kote kote hatua ya sita ni kifo. Healing Word ya zamani inaponya d4 (dadu ya pande 4) moja, mpya d4 mbili. Yani nikianza kuorodhesha ukurasa utaisha.

Chagueni kitabu kimoja. Sio lazima kiwe kipya, 2014 ni mchezo mzuri tu na kama watu wengi mezani wanaujua huo basi kaeni nao. Andikeni kwenye maelezo ya grupu lenu la WhatsApp, juu kabisa, "tunatumia 2024" au "tunatumia 2014", na kama kuna vitu mmechanganya kwa makusudi, mfano mnatumia 2014 ila dawa ni bonasi akshoni, hicho nacho kiandikwe hapo hapo. Mchezaji akitaka klasi (aina ya mhusika, kama Bard au Ranger) ya kitabu kingine aombe kabla ya kikao, sio katikati ya vita.

Na wewe uliyeandika ndo uwapigie simu wenzako. Leo. Hakuna aliyemkosea mtu hapo.

Rogue wetu (mwizi) anapiga Sneak Attack (shambulizi la kuvizia) mara mbili kwenye raundi moja, moja kwenye zamu yake na nyingine goblini akimkimbia. Anatuibia au? – Dodoma

Hawaibii. Sneak Attack ni mara moja kwa *zamu*, sio mara moja kwa raundi, na zamu ya goblini ni zamu nyingine. Adui akitoka kwenye ufikio wake Rogue anatumia riakshoni kupiga shambulizi la fursa, kama masharti yametimia (silaha ya ustadi, yani finesse, na awe na advanteji, yani arushe dadu mbili achukue kubwa, au awepo adui mwingine wa huyo goblini ndani ya futi 5 kutoka alipo) dadu za Sneak Attack anazipata tena. Kwa levo 5 ni d6 tatu, wastani 10 na nusu.

Naomba sana ma-DM wasimkate Rogue mabawa hapa. Mpiganaji anapata shambulizi la pili akifika levo 5, Rogue hapati kamwe kwa klasi yake, akikosa lile moja zamu imeenda bure. Hiyo riakshoni ni chakula chake. Unataka kumzuia? Mfanye goblini atumie akshoni ya Disengage (kujiondoa bila kupigwa), goblini wanaweza kuifanya kwa bonasi akshoni, wameumbwa hivyo, na ukiwachezesha hivyo wanakuwa maadui wasumbufu kweli.

Kritiko: tunazidisha jumla mara mbili au? – Kisumu

Unarusha dadu za madhara mara mbili, nyongeza unaweka mara moja. Upanga wa d8 na +3 unakuwa d8 mbili na +3. Dadu za Sneak Attack nazo zinaongezeka.

Nina advanteji mbili na disadvanteji moja, si nabaki na advanteji moja? – Morogoro

Hapana, zinafutana zote unarusha dadu moja. Hata ungekuwa na tano kwa moja.

Kaka shikamoo. Ni mara yangu ya kwanza kuandika. Mimi ni DM, na wiki iliyopita niliua mhusika wa rafiki yangu wa karibu sana. Alianguka kwenye HP sifuri, alikuwa tayari ana alama moja ya kufeli, zimwi likampiga tena akiwa chini, nikasoma kitabu kikasema alama mbili, akafa. Kampeni ya mwaka mzima. Hakusema kitu, alikusanya karatasi zake akaaga. Levo zao ni tatu. Je nilisoma vibaya? Na sasa nifanye nini?

Marahaba mdogo wangu. Ulisoma sawa.

Mhusika akiwa HP sifuri kila zamu yake anarusha dadu bila kujumlisha kitu, 10 kwenda juu ni alama ya kupona, chini ya hapo ni alama ya kufeli, tatu za upande wowote zinamaliza. 1 kavu ni kufeli mbili, 20 kavu anaamka na HP 1. Akipata madhara akiwa chini anafeli moja, na kama pigo ni kritiko anafeli mbili, na kwa kuwa amezimia basi shambulizi lolote linalompata kutoka ndani ya futi 5 ni kritiko. Kwa hiyo zimwi lililosimama juu yake likimpata mara moja tu ni alama mbili. Alikuwa na moja, zikawa tatu. Mtu akiachwa tu bila kuguswa na bila kusaidiwa, nafasi yake ya kupona ni karibu asilimia 60, akipigwa akiwa chini inaporomoka vibaya.

Ila sheria inakwambia nini kinatokea zimwi likimpiga aliyelala, haikwambii kama zimwi litampiga. Hilo ni lako DM. Na mimi naona kuna swali la kujiuliza kila mara: huyu kiumbe anataka nini kwa sasa? Goblini akiona mmoja ameanguka na wengine watatu wamesimama na panga atageukia waliosimama, aliyelala hamdhuru. Mbwa mwitu mwenye njaa atamburuta porini, na hapo wenzake wanapata raundi mbili tatu za kumkimbilia, ni tukio zuri kuliko kifo cha ghafla. Muuaji wa kukodiwa ndo anayemalizia, au kiumbe aliyekwisha kuona Cleric (kuhani) akiwaamsha watu kwa Healing Word mara mbili na akaelewa mchezo ulivyo. Ukiamua atamalizia, sema kwa sauti zamu moja kabla, "anainua shoka juu ya mwenzenu aliyelala, macho yake yapo kwake tu". Wachezaji wanapata nafasi ya kufanya kitu, na kama hawakufanya basi kifo kinakuwa chao wote.

Sasa rafiki yako. Usimtumie meseji ndefu ya sheria, anajua sheria. Mfuate, kaeni, muulize anataka hadithi ya mhusika wake iendelee au iishie pale, na jibu lake uliheshimu hata kama sio ulilotarajia. Wapo wanaotaka kifo kibaki kifo na wenzao wafanye mazishi mezani, wengine wanataka arudi. Akitaka arudi mchezo una njia: Revivify inahitaji almasi ya sarafu 300 za dhahabu na iwe ndani ya dakika moja, hiyo imeshapita. Raise Dead inahitaji almasi ya 500 na mwili usiwe umezidi siku 10 tangu afe, na nyinyi levo tatu hamna mwenye speli hiyo, kwa hiyo lazima wabebe mwili mpaka kwenye hekalu la mji mkubwa na watafute almasi njiani. Siku kumi, mwili kwenye mkokoteni, hela hakuna. Hiyo ni kampeni tayari. Na yeye wakati huo mpe mhusika wa muda, ikiwezekana mtu anayemfahamu marehemu, ndugu yake au mdeni wake, ili asikae mezani kama mgeni.

Habari. Nacheza Arusha, DM ni mimi, na mchezaji mmoja ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Anajua sheria kuliko wote na kila dakika ananikatisha "kitabu kinasema hivi". Mara nyingi yuko sahihi. Lakini vita vya dakika 20 vinachukua saa mbili na vijana wameanza kutoa simu. Siwezi kumwambia anyamaze mbele za watu.

Wala usimwambie mbele za watu. Mfuate kabla ya kikao, mkiwa wawili, na umwombe kazi: "Shemeji, wewe unavijua vitabu kuliko mimi, naomba uwe mtafuta sheria wetu. Nikikwama nakuuliza, wewe unaangalia huku mimi naendelea na zamu ya mtu mwingine." Mtu mwenye ujuzi ambaye hajapewa nafasi atajitafutia nafasi mwenyewe, ndo hicho anachofanya.

Afu weka utaratibu kwa wote, sio kwake tu: jambo likibishaniwa dakika moja ikaisha bila jibu, DM anaamua, mchezo unaendelea, linaandikwa kwenye daftari, na baada ya kikao mnalisoma pamoja na kuanzia kikao kinachofuata mnafuata kitabu. Huku kuamua kwako hakuhitaji kuwa sahihi, kunahitaji kuwa haraka na kumwelekea mchezaji pale unapokuwa na shaka. Isipokuwa jambo lenyewe ni la mhusika kufa au kupona, hapo simamisheni kila kitu mfungue kitabu hata ikichukua robo saa, shemeji hapo ndo umwachie kabisa.

Tunataka kuanza ila dadu ya pande 20 hatujaipata popote huku Songea. Tunazo za ludo tu. Tukitumia mbili si inafika 12? Au mchezo ubadilishwe? – Wanafunzi wanne

Karibuni sana! Dadu mbili za ludo hazifai kwa kazi hii, sio kwa sababu ya 12 tu. Ukijumlisha mbili, 7 inatoka mara 6 kati ya 36 na 12 inatoka mara moja kati ya 36, kwa hiyo namba za katikati zinapendelewa, wakati dadu ya ishirini kila namba ina haki sawa na DC zote zimepangwa kwa kufuata hivyo.

Tumieni karata. Toeni J, Q na K zote na jokeri, zinabaki 40. Kopa na uru zihesabuni kama zilivyo, A ni 1 mpaka 10. Shupaza na pau ongezeni 10, kwa hiyo A ya shupaza ni 11 na 10 ya pau ni 20. Kila namba kuanzia 1 mpaka 20 ipo mara mbili kamili. Kila mtu akivuta aonyeshe, airudishe, zichanganywe tena, msiache kuirudisha maana mtajua zilizobaki na 20 mbili zikishatoka hakuna tena 20. Mkichoka kuchanganya kateni vikaratasi 20 muweke kwenye kikombe, mwaka 1979 hata maboksi ya D&D yenyewe yaliwahi kuuzwa na vikaratasi vya namba badala ya dadu kwa sababu dadu zilikuwa hazitoshi, watu wakacheza vizuri tu.

Karata nyekundu peke yake zinawapa d10. Ya ludo ni d6 tayari, na kwa d4 rusheni hiyo hiyo ya ludo, ikitoa 5 au 6 mnarudia. Kwa d8 vuteni nyekundu, 9 na 10 mnarudia. D12 rusheni ya ludo mara mbili, ya kwanza ikiwa 1, 2 au 3 ya pili inabaki ilivyo, ikiwa 4, 5 au 6 mnaongeza 6 kwenye ya pili. Pakueni SRD 5.2 kwa kuwa mnaanza upya, tengenezeni wahusika wa levo ya kwanza, na mmoja wenu akubali kuwa DM wiki hii.